UZI: Unataka kununua mishale ya kuwindia kwa upinde wa asili? Pita hapa kabla hujalipia

Podo la Ngozi (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu. Naleta huu uzi maana PM zimejaa swali lile lile, "nina upinde wa paundi 45, ninunue mishale gani", mtu anataka umtajie brand na namba halafu aende akalipie. Swali likikaa hivyo halijibiki, na wauzaji wengi wanalijibu hivyo hivyo tu, ndo maana humu kuna watu wana mishale ya bei mbaya inaruka kiubavu ubavu mpaka inafika kwenye shabaha imelala.

Naongelea pinde za rikavu (zenye ncha zilizojikunja mbele) na longibou (ndefu zilizonyooka), zile unazovuta kwa vidole. Wa kompaundi (zile pinde za magurudumu) mnisamehe, mahesabu yenu ni mengine.

Kitu cha kwanza achana na duka, shika upinde wako. Yale maandishi 45# @ 28" maana yake ukiuvuta mpaka inchi 28 ndo unabeba paundi 45. Sasa wewe unavuta 28? Wengi hawafiki. Kila inchi unayopungukiwa unapoteza kama paundi 2 mpaka 3, kwahiyo anayevuta 26 kwenye huo upinde yuko kwenye 40 hivi, na anayevuta 30 yuko karibu na 50. Hao ni watu wawili wenye upinde mmoja wanaohitaji mishale tofauti kabisa. Chukua shafti (mwili wa mshale) ndefu, piga kwanza mpaka mwili uchangamke, vuta mpaka pale unapotuliaga shavuni, mwenzio aweke alama kwenye shafti usawa wa uso wa upinde unaotazama shabaha. Usijipime ukiwa umejikaza kifua mbele kama unapigwa picha, utavuta urefu ambao porini hutaupata.

Kitu cha pili amua kigumba, yaani ile ncha yenye makali. Wengi wanakiwaza mwisho kabisa, mishale ishakatwa, na hapo ndo wanapoumia. Kigumba cha greni 125 (greni 15 hivi ni gramu moja) na cha greni 200 kwenye shafti moja ni mishale miwili tofauti, kwasababu uzito ukiongezeka mbele shafti inajikunja zaidi ukiachia. Ukijua unachowinda na kigumba utakachotumia, ndo urudi nyuma kutafuta shafti ya kukibeba.

Halafu ndo tuje kwenye spaini, ambayo ndo roho ya mada yote. Spaini ni ugumu wa shafti kukunjika. Za kaboni na alumini wanalaza shafti juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, wananing'iniza katikati uzito wa paundi 1.94, wanapima imebonyea kiasi gani. Ikibonyea nusu inchi inaitwa 500. Kwahiyo namba ikiwa kubwa shafti ni laini, namba ndogo shafti ngumu. 600 ni laini kuliko 500, na 340 ni ngumu balaa.

Kosa la kila siku ni mtu wa paundi 45 kununua 340 au 400 kwa vile ameona wenye kompaundi za paundi 60 na 70 wanazitumia, au muuzaji kamwambia "ngumu ndo nzuri". Kwa paundi 45 halisi kwenye vidole, shafti ya inchi 29 hivi, wengi tunaanzia kujaribu 600 na 500. Nimesema kujaribu, sio kununua dazeni.

Maswali karibuni, wenye ujuzi ongezeeni nyama.

---

Mgeni wa Upote

Mkuu shukrani, mada nzuri. Mi bado najifunza, naomba unieleweshe kwanini mshale mgumu ni tatizo. Akili yangu inaniambia mshale usiokunjika ndo utaenda moja kwa moja.

---

Podo la Ngozi

Swali zuri sana hili. Angalia upinde wako, mshale haukai katikati kabisa, unakaa pembeni ya mshiko. Uzi wa upinde wenyewe unataka kurudi katikati. Kwahiyo ukiachia, nyuma ya mshale inasukumwa kuelekea katikati huku mbele imezuiwa na mshiko. Mshale wenye spaini sahihi unajikunja, unauzunguka mshiko bila kuugusa, unajikunja upande wa pili, unaenda hivyo unatulia taratibu. Kuna Mmarekani Robert P. Elmer aliyeipa hii hali jina la kitendawili cha wapiga upinde mwaka 1913, na miaka ya 1930 Clarence Hickman akaipiga picha za kasi kubwa, kila mtu akaona mshale kweli unanyumbuka hewani. Ukiwa mgumu sana unagoma kuzunguka, kwa anayeshika upinde mkono wa kushoto unaenda kushoto. Ukiwa laini sana unajikunja kupita kiasi, unaenda kulia.

Ndo maana pia upinde uliochongwa dirisha (ile nafasi ya mshale kupita juu ya mshiko) mpaka katikati unavumilia mishale migumu kidogo, ila upinde wa mti mmoja usio na dirisha unataka laini zaidi, maana mshale una safari ndefu ya kuzunguka.

---

Mzee Mwerezi

Nimesoma nikaona mmeanza moja kwa moja na kaboni kama vile miti imeisha duniani. Upinde wa asili na mshale wa mti ndo ndoa yenyewe. Mshale wa mti una uzito wa asili, hauna kelele, na ukivunjika unaona umevunjika.

Kwa wanaotaka mti, jueni kipimo ni kingine kabisa msije mkachanganya. Nguzo zinaachana inchi 26, uzito ni paundi 2, halafu unachukua 26 unagawa kwa ilivyobonyea, jibu ndo paundi za spaini. Ikibonyea nusu inchi ni 52. Huku namba kubwa ndo ngumu, kinyume cha kaboni. Zinauzwa kwa makundi ya paundi tano tano, 45-50, 50-55, nk. Ukianza na paundi halisi unazovuta, ongeza paundi 5 kwa kila inchi mshale unapozidi 28, na 5 nyingine kwa kila greni 25 kigumba kinapozidi 125, na kama uzi wako ni wa hizi nyuzi za kisasa zisizovutika ongeza 5 tena. Ni kanuni ya kukufikisha jirani, sio msahafu.

Mierezi ya Port Orford ndo inapendwa kwa harufu na wepesi, Douglas fir ni nzito na ngumu kwahiyo kwa kuwinda mi ndo naipenda, sprusi ya Sitka nayo ni nyepesi. Mianzi nayo inafaa sana ila inataka uvumilivu wa kuinyoosha. Kipenyo ukiona 5/16, 11/32, 23/64, hakikisha kigumba na noki (kile kipande cha nyuma kinachoshika uzi) ni za kipenyo hicho hicho. 11/32 ndo utapata vifaa vyake kirahisi.

Ukinunua mti angalia nyuzi za mbao. Zikikatiza shafti na kutokea pembeni karibu karibu, hiyo rudisha, siku moja itapasukia mkononi. Na noki igundishwe ili mistari ya pete za mti ikae upande wa mshiko, upande huo ndo mgumu na ndo uliopimwa.

---

Kaboni Nyeusi

Mzee Mwerezi nakuheshimu ila hapo kwenye "ukivunjika unaona" sio mti peke yake. Ishu ya kaboni ni kwamba watu hawaikagui. Kila mshale uliogonga jiwe au mti unaushika huku na huku, unaukunja taratibu mbali na uso, unauzungusha unakunja tena, unasikiliza. Ukisikia mlio wa kuchanika au ukaona ufa, vunja kabisa usije kuuchukua tena kwa kusahau. Kaboni iliyopasuka ukiachia inaweza kuingia kwenye mkono ulioshika upinde, na vile vijiti havionekani vizuri kuvitoa.

Ila kwa mvua, jua, joto la gari, kaboni haibadiliki. Mti ukiuacha umeegemea ukuta wiki nzima umepinda. Na alumini msiisahau jamani, watu wameiacha kwa fasheni tu. Namba zake zinasomeka zenyewe, 2016 maana yake kipenyo ni 20/64 ya inchi na unene wa ukuta ni 16/1000 ya inchi. Zinalingana moja kwa nyingine kuliko chochote. Tatizo ni kupinda tu.

---

Kijana wa Pori

Wakuu mimi naona mnazidisha. Watu wa zamani waliwinda na mishale ya kuchonga, hamna spaini hamna greni, na nyama ililiwa. Nunua chochote kisha fanya mazoezi.

---

Podo la Ngozi

Mkuu wale watu walikuwa na vipimo kuliko sisi, ila vilikuwa mikononi. Mtu anachonga mshale wake kwa ajili ya upinde wake, anaukunja kwa gumba anaulinganisha na ule unaoruka vizuri, unaogoma anauparua mpaka ukubali. Wewe unaagiza shafti mtandaoni kutoka kwa mtu hajawahi kuuona upinde wako. Namba zimekuja kuziba hiyo nafasi.

---

Mgeni wa Upote

Na uzito je? Kuna mtu kaniambia mshale mwepesi ndo unaenda mbali, mwingine kasema nitafute mzito kadri niwezavyo.

---

Kaboni Nyeusi

Hapo ndo tunagombaniaga kila siku 😂

Kipimo kinachotumika ni greni kwa kila paundi unayovuta. Watengenezaji wengi wa pinde za asili hawataki ushuke chini ya 8, maana mshale mwepesi sana unafanya upinde upokee nguvu iliyobaki, karibu sawa na kuachia uzi bila mshale. Kwa kuwinda wengi tunakaa 10 au juu kidogo. Paundi 45 mara 10 ni greni 450, ambayo ni kama gramu 29.

Hebu tuhesabu mshale mmoja mbele ya macho. Shafti ya 500 yenye greni 8.5 kwa inchi, kata inchi 29, ni 246. Insati (kipande kinachoingia mdomoni mwa shafti kushika kigumba) ya alumini 15. Kigumba 175. Manyoya matatu ya inchi nne na gundi yake weka 10. Noki 10. Jumla 456. Kwa paundi 45 hiyo ni 10 na chenji, safi kabisa. Sasa toa ile insati ya alumini weka ya shaba ya greni 100, unafika 541, hiyo ni 12. Unaona mshale umenenepa bila kugusa shafti, lakini ujue hapo umelainisha spaini pia, 500 iliyokuwa inaruka vizuri inaweza kuanza kwenda kulia.

Mshale mzito unapunguza kelele, unaingia ndani zaidi kwenye mwili, ila unashuka haraka, kwahiyo kukadiria umbali ndo kunakuwa mtihani. Kwa umbali wa upinde wa asili, ambao kwa mwindaji mwenye akili ni hatua ishirini kurudi chini, mi nachukua uzito.

---

Mzee Mwerezi

Kwenye uzito tunakubaliana. Ila hawa vijana wa uzito wa mbele kupindukia wananichosha.

---

Kaboni Nyeusi

Mzee usitukatae 😂 Kwa wasiojua, FOC ni asilimia ya jinsi kitovu cha uzito kilivyo mbele ya katikati ya mshale. Laza mshale uliokamilika kwenye kidole mpaka utulie, pima kutoka kwenye mfereji wa noki mpaka hapo, toa nusu ya urefu wa mshale, gawa kwa urefu wote. Mshale wa inchi 29 unaotulia kwenye 18.2, toa 14.5 inabaki 3.7, gawa kwa 29 unapata kama 12.8%. Kati ya 10 na 15 utaishi vizuri. Kuna kundi linafuata majaribio ya Dk. Ed Ashby aliyofanya kusini mwa Afrika na Australia, hao wanakwenda juu ya 19 na mshale wa greni 650 kwa wanyama wenye mifupa mizito. Kwa mnyama mkubwa nawaelewa. Kwa mnyama wa mwili mdogo na upinde wa paundi 45, huo mshale utakuwa unarusha kwa upinde wa mvua.

---

Bi Manyoya

Habari zenu kaka zangu. Mmeongea yote ila hamjagusa nyuma ya mshale.

Kama unapiga mshale ukikaa moja kwa moja kwenye kikalio cha upinde (pale juu ya mshiko mshale unapolala), nunua ya manyoya halisi. Ile mishale inayouzwa imekamilika na mabawa ya plastiki achana nayo, plastiki hailali ikipita kwenye kikalio, inagonga na kurusha nyuma ya mshale juu. Unyoya unalala unapita. Wengi wanatumia wa bata mzinga. Kwa kuwinda weka inchi nne mpaka tano, matatu, maana kigumba nacho kina mabawa yake kinataka kuuongoza mshale kwa mbele, sasa nyuma lazima kuwe na nguvu ya kukishinda. Vile vimanyoya vidogo vya mashindano ya shabaha havitoshi.

Manyoya yana bawa la kulia na bawa la kushoto, mshale mmoja unatumia ya bawa moja tu. Haijalishi unapiga kwa mkono gani. Watu wananunua pakiti zilizochanganywa kwa vile ni rahisi, wanakuja kushangaa mshale hautulii.

Mvua ni adui yake kweli, yakilowa yanalala kabisa. Kuna poda ya kupaka, inasaidia kwa manyunyu, mvua kubwa haisaidii. Funika podo basi.

---

Kijana wa Pori

Dada hapo kwenye plastiki umenigusa, yangu yote ni plastiki na kuna alama kwenye kikalio, nilidhani ni kawaida.

---

Bi Manyoya

Sio kawaida kaka yangu. Bandua, safisha gundi kwa kisu butu, weka manyoya. Shafti ni nzima usizitupe.

---

Podo la Ngozi

Sasa turudi kwenye kununua kwenyewe, maana ndo kichwa cha uzi.

Usinunue dazeni. Tafuta muuzaji anayeuza shafti moja moja au pakiti ya majaribio yenye spaini mbili tatu. Akikataa kabisa kuuza chini ya dazeni, nenda kwa mwingine au muombe mwenzio shafti zake za kujaribu. Chukua 500 na 600 (kwa mti makundi mawili jirani), zote ndefu bila kukatwa, na ncha za mazoezi zenye uzito sawa sawa na kigumba chako. Manyoya usiweke kwanza kwenye moja. Mshale ukishakatwa mfupi haurudi, ila mrefu unaupunguza robo inchi robo inchi, na kila ukipunguza unakuwa mgumu zaidi. Bakisha walau inchi moja mbele ya upinde ukiwa umevuta mpaka mwisho, kigumba kina makali na kidole chako kiko pale pale.

Piga mitatu yenye manyoya na mmoja mtupu, kwa umbali wa hatua kumi kwanza. Anayepiga kwa mkono wa kulia, yaani upinde umeshika kushoto, ukiona mtupu umetua kushoto ya wenye manyoya basi ni mgumu, ukitua kulia ni laini. Ukiwa mgumu ongeza uzito mbele au tafuta laini zaidi. Ukiwa laini kata kidogo au punguza uzito. Ila kabla ya hayo panga juu na chini, mtupu ukiinua au kushusha nyuma yake sana shida iko kwenye sehemu unayochomeka noki kwenye uzi, anza nusu inchi juu ya usawa kisha urekebishe.

Kuna mtego hapa unaowapoteza wengi. Mshale laini kupindukia unaweza kugonga mshiko ukarudishwa kushoto, ukasoma kama ni mgumu. Mtu anaenda kuongeza uzito mbele, unazidi kulainika, unazidi kugonga, anaongeza tena. Ukisikia "ta" pembeni ya upinde au ukaona alama ya rangi kwenye ubavu wa mshiko, usiamini usomaji huo. Jaribu shafti ngumu zaidi uone inasemaje.

Na vigumba msivipige kwenye mshale mtupu kamwe, ni hatari, haujulikani unaenda wapi. Kigumba ni kwa mshale wenye manyoya tu.

Kuhusu unyoofu, wauzaji wanapandisha bei kwa inchi .001 dhidi ya .006. Kwa vidole vyetu hiyo tofauti huioni. Hela hiyo peleka kwenye kigumba kizuri. Kinachonihusu mimi ni mishale kulingana uzito, ukipima dazeni nzima isiachane zaidi ya greni kumi hivi.

Kingine cha kuuliza kabla hujalipa ni kipenyo cha ndani. Shafti ya inchi .246 ndo ya kawaida, insati na noki zake ziko nyingi. Hizi nyembamba za .204 na .166 zinaingia vizuri mwilini ila vifaa vyake vinakugharimu na ukipoteza insati moja porini umekwama.

---

Mgeni wa Upote

Mkuu kukata nikate na nini? Nina kikata bomba cha fundi.

---

Kaboni Nyeusi

Usithubutu kwenye kaboni, kitaiponda. Kaboni inakatwa na msumeno wa jiwe la kukata unaozunguka kasi, na uvae barakoa maana vumbi lake sio la kuvuta. Ukishakata sugua mdomo wa shafti uwe mraba, safisha ndani kwa spiriti, ndo uweke insati. Ukitumia gundi ya moto pasha insati, usipashe shafti. Kikata bomba kwa alumini kinaweza kupita ukienda taratibu sana, ila kaboni hapana.

---

Mkono Kushoto

Samahani nimechelewa kwenye uzi, mimi napiga kwa mkono wa kushoto, hayo ya kulia na kushoto nayageuza? Na kigumba cha makali ya upande mmoja nichukue cha kulia au kushoto?

---

Podo la Ngozi

Usomaji wa mshale mtupu ndio, geuza. Kwako ukitua kulia ni mgumu, kushoto ni laini.

Kigumba hakifuati mkono wako, kinafuata manyoya. Kama manyoya yako ni ya bawa la kulia chukua cha kulia, ili vyote viuzungushe mshale upande mmoja mpaka ndani ya mwili. Ukivichanganya kimoja kinavuta huku kingine kule. Chagua chenye bawa mbili zisizokunjuka, hivi vya kufunguka vikigonga viachie kompaundi, vinakula nguvu ambayo upinde wako hauna ya kugawa. Na unoe mwenyewe, vingi vikitoka kwenye pakiti havijafika. Kikinyoa nywele za mkono bila kulazimisha kiko tayari, mshale unaua kwa kukata mishipa, sio kwa kishindo.

Ukishakifunga, simamisha mshale kwa ncha yake kwenye kipande cha mbao, uzungushe kwa vidole. Ncha ikiyumba pasha moto kigumba, kizungushe kidogo, kijaribu tena. Usipeleke porini mshale ambao kigumba kinacheza.

---

Mkono Kushoto

Shukrani mkuu. Sheria nayo? Nimesikia kuna mahali wanapima mpaka paundi za upinde.

---

Mzee Mwerezi

Ndio, kuna mahali wana kima cha chini cha paundi, pengine na upana wa kigumba, na kuna mahali kuwinda kwa upinde hairuhusiwi kabisa. Uliza mamlaka ya wanyamapori ya hapo ulipo kabla hujaagiza, maana kigumba ulichokatazwa muuzaji harudishi hela.

---

Kijana wa Pori

Nimebandua plastiki nikaweka manyoya. Ule mlio umeisha. Ila sasa mtupu unatua kulia kidogo, shafti 600, inchi 31, mbele 200. Nikate?

---

Podo la Ngozi

Kata robo inchi, piga, kata tena ikibidi, usifike chini ya inchi moja mbele ya upinde. Kama utafika hapo na bado uko kulia shuka kwenye 175 mbele. Lete majibu.